"Nimepokea" Haimtoi Mgonjwa Ndani

"Sema neno lingine," Sista alisema kupitia kidirisha kinachotenganisha nyuma na mbele ya gari. "Lolote unalotaka. Ila hilo usilirudie."

Dereva alikwepa shimo, akabadilisha gia.

"Nimepokea," alisema.

Sista alifumba macho. Kwenye machela mbele yake alikuwa amelala bibi mmoja mwembamba, mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni baada ya kuteleza bafuni. Bibi aliguna kwa niaba yake.

"Huyu kijana ndivyo anavyojibu siku zote?"

"Siku zote, bibi."

"Hata ukimwambia unampenda?"

"Siku ya kwanza nilipomwambia hivyo alijibu 'imesikika'. Hii nimepokea ni maendeleo."

Bibi alitikisa kichwa, akamwombea subira. Sista alimwambia achezeshe vidole vya ule mkono, akavikagua kimoja kimoja kama damu inapita vizuri. Vidole vilikuwa na joto na vinacheza. Mgonjwa alikuwa salama, king'ora hakikuwa na haja, foleni ilikuwa inakwenda. Aliyekuwa na hali mbaya ndani ya gari lile ni Sista.

Dereva hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Breki, kwa mtindo ule ule wa watu kumwita pande la mtu Kadogo. Barabarani hakuwa nazo. Mahali ambapo wenzake walisimama wakashangaa foleni, yeye alipenya, na wagonjwa wengi walikuwa hai kwa sababu hiyo. Lakini kwenye mapenzi alikuwa breki tupu, za mbele, za nyuma na ya mkono. Sista alikuwa amependa mtu anayeweza kukatiza mji mzima kabla dripu haijaisha, ila kutoka hapo alipo mpaka sebuleni kwa baba mkwe hafiki.

Na hilo neno lake lilitoka kazini. Magari yote ya wagonjwa yalizungumza na kituo kwa redio, na kituoni alikaa mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, Mama Redio. Alikuwa shangazi yake Sista, dada wa baba yake, na hakumpendelea hata kidogo. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa na yeye kwamba jibu la redio lina nusu mbili. Kwanza unasema nimepokea, maana yake umesikia. Halafu unasema nakwenda, na unataja unakokwenda. Ukiishia nusu ya kwanza alikurudia mpaka uone haya. "Nimepokea haimtoi mgonjwa ndani," alisema, na maneno hayo yakawa msemo wa kituo kizima.

Kazini Breki alisema nusu zote mbili bila kukosea. Akivua fulana ya kazi, ile ya pili aliiacha humo humo mfukoni.

Sista alikuwa na ushahidi kwenye simu. Kabla ya Jumapili ya kwanza alimwandikia: "Kesho baba anakusubiri, usichelewe." Jibu likarudi: "Nimepokea." Jumapili ya pili: "Baba amevaa koti tena, tafadhali." Nimepokea. Jumapili ya tatu aliandika meseji ndefu ya kumtoa nyoka pangoni, yenye mapenzi, machozi na kitisho kidogo mwishoni. Breki akajibu nimepokea, kisha akaongeza alama ya dole gumba. Mdogo wake Sista alicheka mpaka akaanguka kitandani. Sista alitamani kumrushia simu.

Visingizio havikukosekana. Mara ya kwanza alikuwa na kazi ya gari. Mara ya pili, pancha. Mara ya tatu simu ilizima chaji, kana kwamba miguu yake nayo huwa inachajiwa. Baba yake Sista alikuwa ameanza kusema yule mwanamume ni wa hadithi, na kwamba Jumapili hii isipomleta, asitajwe tena ndani ya nyumba yake.

"Bibi, chezesha tena vidole," Sista alisema.

"Vinacheza, mwanangu. Mwambie huyo la kumwambia, mimi siumwi masikio."

Basi akamwambia.

"Breki, kesho napanda gari la nne. Nimeshamwomba shangazi, amekubali. Leo ndiyo zamu yetu ya mwisho."

Gari lilipunguza mwendo. Waliokuwa nyuma yao walipiga honi, maana hata wao hawakuwa wamezoea kulipita gari lile.

"Gari la nne lina yule mla karanga," Breki alisema.

"Mla karanga akialikwa anakuja."

Hapo inafaa msomaji ajue habari ya mkongojo. Bibi alikuwa amekataa katakata kutoka nyumbani kwake bila mkongojo wake, fimbo nzito ya mti mgumu yenye kichwa kikubwa. Nyuma haukuenea, kwa hiyo Breki aliuchukua, akausimamisha kwenye kiti cha mbele kilichokuwa kitupu. Kwenye kiti hicho hicho alikuwa ameitupa maiki ya redio, kwa sababu kindoano cha kuitundikia kilikatika zamani na kila fundi alisema atakileta. Kona ya kwanza tu, mkongojo ulianguka. Kichwa chake kilitua juu ya kitufe cha maiki, kikakaa hapo vizuri, kama kimetengenezewa. Hakuna aliyetazama. Na redio ile, ukiwa umebonyeza kitufe, inatoa sauti yako tu. Ya mwenzako haiingii.

Kwa hiyo walikuwa wakisikika kituoni na kwenye kila gari tangu waondoke kwa bibi, na wao hawakujua.

"Nilikuja," Breki alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Kwenu. Jumapili ya kwanza."

Sista alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Alimwambia asimfanye mtoto mdogo. Siku hiyo alitoka mara moja tu, kwenda dukani kununua soda za mgeni, na aliporudi alikuta vurugu za ile ambulensi, mgeni hakuna.

"Hiyo ambulensi," Breki alisema. "Ilikuwa ni mimi."

Hata bibi aliacha kuchezesha vidole.

Kisa cha ile ambulensi Sista alikijua neno kwa neno, maana nyumbani kwao hakikuzungumzwa kingine. Mchana ule baba yake alivaa koti, akavaa viatu vilivyopigwa dawa vikang'aa, akajinyoosha kwenye kochi kumsubiri mgeni. Usingizi ukampitia. Ghafla ambulensi ikafika getini, king'ora kinalia na taa zinazunguka. Jirani wa mlango wa pili akakimbilia ndani, akamwona mzee amelala chali, macho yamefumbwa, koti mwilini. Akahitimisha kwamba amekufa na ameshavalishwa. Akapiga yowe. Wakaja wengine. Mzee alipozinduka alikuta wanawake wamemzunguka wanamlilia, viatu vimeshavuliwa, na nje vijana wanapanga viti. Presha yake ilipanda kwelikweli. Ambulensi yenyewe, wakati huo iliyohitajika hasa, ilikuwa imeshaondoka. Tangu siku hiyo mzee aliapa kwamba akimpata dereva yule, watajuana.

Jumatatu yake Sista ndiye aliyemsimulia Breki, ndani ya gari hili hili. Aliigiza yowe la jirani, akaigiza baba yake anavyotafuta viatu, akacheka mpaka machozi. Breki aliendesha bila kutabasamu. Alisema nimepokea, na Sista akamwona mtu asiye na utani.

"Gari lilikuwa linatoka gereji," Breki alisema sasa, na maneno yalimtoka kama maji yaliyozibuliwa. "King'ora kilikuwa kibovu, fundi wa umeme akaniambia tayari. Nikasema kabla sijalirudisha kituoni nipite kwenu nimsalimie mzee, nimwombe radhi kwamba nitachelewa kidogo. Nilikuja taratibu, Sista. Taa nimezima, kila kitu nimezima. Nilipofika getini nikakanyaga breki, kikalia. Nikiachia, kinanyamaza. Nikikanyaga, kinalia. Fundi alikuwa ameunganisha waya wa king'ora na breki."

"Na hukushuka."

"Nilitaka kushuka. Yule mama akapiga yowe. Nikaona watu wanakuja mbio, wengine wameshika vichwa. Nikajua nimemuua baba yako kabla hata hajanijua. Niliogopa. Nikatia gia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakwambia Jumatatu. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha. Ukaanza wewe. Ukasema mzee amesema akimpata dereva huyo atamvua viatu na yeye amlalishe kwenye kochi. Ukacheka sana. Mimi ningesemaje?"

Hasira aliyoibeba Sista wiki zote hizo ilikuwa bado ipo, ila sasa haikujua ikae upande gani. Alimkasirikia Breki kwa woga wake. Alimkasirikia fundi wa umeme. Na kwa mbali, bila kupenda, alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikumbuka uso wa Breki siku ile kwenye kioo cha kati, na alikumbuka kwamba aliuona na hakuuliza.

"Mimi nakupenda," Breki alisema. Alikuwa anatazama barabara na masikio yamemwiva. "Najua sisemi. Kila Jumapili tangu hapo nimefika mpaka dukani pale kwenye kona, kwa miguu, nimevaa vizuri. Yule jirani yenu huwa amekaa kibarazani. Nikimwona naona atapiga yowe tena. Basi nanunua maji, narudi."

Bibi aliinua kichwa kwenye machela.

"Mwanangu," alimwambia Sista, "huyu si jeuri. Huyu ni mwoga. Jeuri haina dawa, ila woga unashikwa mkono."

Wakati huo huo simu ya Sista ilitetemeka mfukoni. Aliitoa. Shangazi alikuwa amempigia mara nyingi mno, na sasa alikuwa ametuma meseji, yote kwa herufi kubwa:

"KUNA KITU KIMEKALIA REDIO YENU. KIINUENI. MJI MZIMA UNAWASIKIA. BABA YAKO PIA."

Sista aliisoma, akairudia, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuijua kuwa anayo:

"Breki. Inua huo mkongojo."

Breki alitupia jicho kiti cha pembeni na akaelewa mara moja. Aliegesha gari kando ya barabara. Aliuinua mkongojo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemwondoa nge kwenye shati. Redio ilikoroma, ikatulia. Halafu ikaja ile sauti.

"Gari la tatu, mgonjwa wenu ana hali gani?"

Breki alishika maiki. "Mgonjwa ana hali nzuri, Mama."

"Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi sina hali nzuri. Nimewapigia madereva wote kwa simu ya kituo, mmoja mmoja, nikiwaomba wasiwe na dharura mpaka nyie mmalize mapenzi." Akavuta pumzi. "Redio ukibonyeza kusema huwezi kusikia. Nawafundisha hilo kila siku. Sikujua kwamba na majumbani mnaishi hivyo hivyo. Breki, umenyamaza wiki tatu. Na wewe mwanangu, tangu mtoke kwa bibi wa watu ulikuwa unasema wewe tu. Mwenzio alipopata nafasi ndipo tumejua mambo."

Sista alitaka kujitetea. Akaona afadhali akague vidole vya bibi.

Mama Redio akaendelea kwamba kaka yake alikuwa amempigia simu kulalamika juu ya mwanamume wa hadithi, simu ikiwa mezani kwenye spika, ndipo redio ilipoanza kutema maneno. Alimwambia akate. Hakukata. Na sasa anataka kusema, na yeye kama dada hawezi kumzuia.

Kukawa na mikwaruzo, simu ikisogezwa kwenye maiki. Halafu sauti ya mzee, kavu:

"Dereva."

Breki alinyooka kwenye kiti kana kwamba mzee anamwona. "Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe uliyenifuata siku ile?"

"Ni mimi, mzee. Lakini sikuja kukuchukua. Nilikuja kusalimia."

"Ulikuja kusalimia na king'ora."

"Ni fundi wa umeme, mzee."

"Nimesikia habari za fundi." Magari yote yalikuwa yanasikiliza. "Nilizinduka nikakuta wananililia, na wengine wananisifu. Jirani yangu ambaye hajanisalimia tangu tugombane habari ya maji taka alikuwa anasema nilikuwa mtu mwema. Viatu vimevuliwa. Kimoja mpaka leo hakijaonekana."

Ikaja sauti ya ajabu, kama kikohozi kinachokataa kutoka. Sista alishtuka, akadhani ni presha. Kisha akaitambua. Baba yake alikuwa anacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa heshima ya koti lake, kikamshinda, na nyuma yake Mama Redio naye akasikika akipiga meza.

"Jumapili," mzee alisema alipopata pumzi. "Uje kwa miguu. Gari silitaki."

Mama Redio alirudi kwenye maiki, sauti imekaza tena.

"Gari la tatu, ujumbe umeusikia."

"Nimepokea," Breki alisema.

Sista aliegemeza paji la uso kwenye kidirisha. Alisubiri. Kituo kilisubiri. Kila gari la wagonjwa lililokuwa barabarani lilisubiri. Kwenye kioo cha kati macho ya Breki yalikutana na ya Sista, na safari hii hakuyakwepesha.

"Nakwenda," alisema.

"Unakwenda wapi, gari la tatu? Kamilisha ujumbe."

"Nakwenda ukweni."

Kisha majibu yakaanza kuingia, kwa utaratibu wa kazi kabisa.

"Gari la kwanza, imesikika."

"Gari la pili, imesikika."

"Gari la nne, imesikika," akasema mla karanga, mdomo umejaa.

"Na mimi imesikika," bibi alisema kutoka kwenye machela. "Sasa nipelekeni hospitali, mkono unauma."

Jumapili Breki alikuja kwa miguu. Pale dukani kwenye kona alimkuta Sista anamsubiri, kwa sababu Sista hakuwa tayari kuuamini muujiza ambao hajaushika mkono. Walipita mbele ya kibaraza cha jirani wakiwa wameshikana. Jirani aliwasalimia kwa sauti ya chini sana, akaingia ndani.

Baba yake Sista alikuwa amevaa koti lile lile. Kochi alikuwa ameliacha. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka na macho wazi, na miguuni alivaa ndala. Shangazi alikuwa pembeni, amekuja kuhakikisha. Breki alimwamkia mzee kwa mikono miwili, akamkabidhi boksi. Ndani yake mlikuwa na viatu vipya vyeusi, namba aliyoipata kwa Sista.

Kisha akasema. Alisema mambo mengi kuliko aliyowahi kusema tangu Sista amjue. Aliomba radhi kwa king'ora, kwa presha, kwa Jumapili zilizopotea. Alieleza kazi yake, watu wake, nia yake. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Mwishoni alisema amekuja kumwomba binti wa mzee awe mke wake, na kwamba mzee akikubali atawaleta wazazi wake, nao watakuja kwa miguu.

Sista alikuwa amesimama mlangoni na trei ya soda. Mzee alimtazama Breki kwa muda mrefu. Akavitazama viatu. Akaitikia kwa kichwa.

"Nimepokea," alisema.

Sista aliweka trei chini kwa kishindo.

"Baba."

"Kaka," shangazi alisema, "kamilisha ujumbe."

Mzee alivua ndala, akainama, akavaa viatu, akafunga kamba bila haraka. Alisimama, akatembea mpaka dirishani na kurudi, anavitazama mwenyewe.

"Vinabana kidogo," alisema. "Lakini mpaka siku ya harusi vitakuwa vimelegea."